Kilo Mia za Sakafuni

Katibu wa vijana alinisogezea fomu juu ya meza, akachomoa kalamu mfukoni mwa shati, akasema, "Jaza wewe, ndugu mwalimu. Mwandiko wangu ni kama kuku kapita." Fomu ilikuwa na safu nne. Jina, kijiji na umri nilivijaza bila kuinua kichwa. Safu ya nne ilisema: Mlalo, kilo. Hapo nilipaswa kuweka kalamu chini na kusema kwamba sisi hatuna namba ya kuandika. Niliandika 100. Nimevuka miaka sabini sasa, na mpaka leo nikipewa fomu yoyote ya kujaza, mkono wangu husita nikifika safu ya nne.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikarudi milimani, katika kijiji chetu kilicho juu ya mji wa Same, nikapewa kazi ya kufundisha elimu ya watu wazima. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, wakati kila kijiji kilitakiwa kiwe na darasa, shamba la pamoja na timu ya michezo. Darasa tulikuwa nalo. Shamba lilikuwa na mawe. Timu ya michezo ilikuwa ekseli moja.

Ekseli hiyo ilitoka tambarare, kwenye shamba la mkonge ambalo njia yake mojawapo ya reli ndogo ilikuwa imeachwa. Ilikuwa ya toroli zile za kubebea majani ya mkonge kwenda kiwandani: chuma kinene, na gurudumu la chuma kila upande. Tuliomba, tukapewa. Tuliipandisha mlima siku ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja inayoitwa kwa pembe na ambayo hakuna anayebaki nyumbani. Wenzetu walikuwa wakibeba mawe ya kutengeneza ndiva, bwawa linalokusanya maji ya kumwagilia. Sisi vijana sita tulikuwa tumeifunga ekseli kwenye mti tulioubeba mabegani, tunahema. Mzee mmoja alitusimamisha njiani akauliza, "Na treni yenyewe inakuja lini?"

Tuliiweka kwenye ghala la zamani la kahawa, lenye sakafu ya saruji. Kwenye mizani ya kahawa ilikuwa na kilo sitini. Ili kuongeza uzito tulimimina saruji kwenye makopo, kila kopo kilo tano, na tuliyafunga kwa waya karibu na magurudumu, sawasawa kila upande, na la witiri tulilifunga katikati, juu ya chuma.

Aliyekuwa na nguvu kuliko sote alikuwa mwashi. Alinizidi miaka minne. Yeye ndiye aliyejenga upya ukuta wa ndiva, na alikuwa na tabia ya kulipapasa jiwe kabla ya kuliinua, kana kwamba analisalimia. Nilimwita shemeji, naye akaniita shemeji, kwa sababu nilikuwa nimemposa mdogo wake wa kike na posa ilikuwa imekubaliwa. Nyumba yangu, ambamo ningemwingiza huyo mdogo wake, alikuwa akiijenga yeye kwa mawe kila Jumamosi. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha.

Mwashi ndiye aliyetupangia namna ya kuinua. Aliweka mawe bapa mawili sakafuni, moja chini ya kila gurudumu, ili mtu aweze kujipenyeza chini ya ekseli akiwa amelala chali juu ya gunia la katani. Chuma kilikaa ngumi moja na nusu juu ya kifua. Unakishika, unakisukuma mpaka mikono inyooke, unakirudisha, magurudumu yanagonga mawe, umemaliza. Ukishindwa, chuma hakikushukii, mawe yanakishika. Hatukuwahi kuwa na mtu wa kumsaidia anayeinua kwa sababu hapakuwa na hatari. Tuliita zoezi hilo mlalo. Mimi, kwa kuwa nilikuwa msomi wa kundi, niliandika kila rekodi ukutani kwa mkaa: Mlalo, makopo matano. Mlalo, makopo sita. Jina la mwashi, makopo manane. Hiyo ndiyo kilo mia.

Sasa siku ile katibu alikuwa ameeleza vizuri kabla ya kunipa fomu. Saba Saba kungekuwa na mashindano Same, uwanjani. Shamba moja la mkonge lilikuwa limetengeneza benchi la chuma lenye nguzo mbili, na pale ndipo watu wangelala.

"Chuma kinashuka mpaka kiguse kifua," alisema. "Kinasimama pale. Mwamuzi akisema sukuma, ndipo kinapanda. Mtu wenu anaweza?"

"Anaweza."

"Maana huyu wa mkonge kajiandikisha tisini na tano."

Nilisoma namba hiyo kwenye orodha yake, kichwa chini miguu juu. Akaongeza kwamba kijiji kitakachotoa mshindi, kiongozi wake wa michezo atapendekezwa kwenda kozi ya ualimu wa michezo, mkoani. Kiongozi wa michezo nilikuwa mimi. Niliitaka kozi hiyo kuliko kitu chochote isipokuwa yule msichana, na siku ile sina hakika na hilo la isipokuwa.

Kwa hiyo nilijua. Mlalo wa ukutani kwetu ulikuwa wa sakafuni, nusu ya juu tu ya mwendo wa mikono. Mlalo wa kwenye fomu ulikuwa wa benchi, kuanzia kifuani. Neno lilikuwa moja, nami nikajificha ndani yake. Nilijiambia kwamba nguvu ni kama maji ya ndiva: ukishalijaza bwawa, unafungulia shamba unalolitaka. Nilikuwa nimesoma fizikia na nilipenda mifano ya namna hiyo. Mwashi alikuwa amejaza bwawa. Ningelifungulia benchi.

Jumamosi iliyofuata nilimweleza mwashi pale ghalani. Alichukua ubao wa jukwaa la ujenzi akauweka juu ya nguzo mbili fupi za mawe, akalala juu yake. Wawili wetu tulimpa ekseli tupu mikononi. Aliishusha taratibu mpaka ikamgusa kifuani, ikakaa, nikasema "Sukuma," naye akaisukuma ikapanda, lakini mishipa ya shingo ilimtoka kwa uzito ambao sakafuni aliuchezea akizungumza.

Tukafunga makopo mawili. Kilo sabini. Ilishuka, ikagusa, ikasimama. Nikasema "Sukuma." Ekseli ilipanda vidole viwili, ikatetemeka, ikarudi kifuani. Tuliiondoa haraka.

Alikaa kwenye ubao akijisugua kifua, anacheka kidogo.

"Shemeji, huku chini hakuna mtu," alisema. "Nabisha hodi, haitiki mtu."

"Ni ugeni tu."

"Juu kule wako wengi. Wananisubiri. Lakini mpaka nifike kwao, nani ananipeleka?" Akaacha kucheka. "Uliandika ngapi kwenye ile karatasi?"

"Ya ukutani."

"Ya sakafuni?"

"Mlalo ni mlalo, shemeji. Nguvu ni ile ile."

Aliutazama ukuta wenye mkaa, kisha akanitazama mimi. "Haya," alisema. "Wewe ndiye mwalimu."

Zilibaki wiki tatu. Wiki ya kwanza tulifanya lililo sawa. Alilala kwenye ubao kila jioni na uzito mdogo, akiushusha mpaka kifuani, akiusimamisha, akiusukuma. Sabini ikakubali. Sabini na tano ikakubali siku moja, ikakataa kesho yake. Mbele yetu kulikuwa na kilo ishirini na tano, na kila jioni nilizihesabu kichwani. Nilianza kuogopa kulala kwake kwenye ubao, kwa sababu kila alipolala ubao uliniambia ukweli.

Basi nikamrudisha sakafuni. Nilisema mikono yake inapoteza ukali, kwamba lazima tuilinde ile mia isipotee. Alirudi kwenye gunia na mawe yake bapa, na kule mambo yalikwenda vizuri sana. Kabla ya siku yenyewe alisukuma makopo tisa, kilo mia na tano, na vijana wakapiga makofi hadi vumbi la kahawa likatoka kwenye mbao za dari. Nikaandika ukutani kwa mkaa, herufi kubwa. Tulifurahi. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba tulikuwa tukiimarisha mahali palipokuwa imara tayari. Mwashi alivaa shati lake akaenda kuchanganya udongo wa ukuta wangu.

Siku ya Saba Saba tuliteremka alfajiri. Mdogo wa mwashi alitufungia makande kwenye bakuli la bati. Alikuwa pia mwanafunzi wangu. Alikuja darasani hajui herufi, na kwa miezi minane alikuwa anasoma gazeti, polepole, kwa kidole.

"Msimalize makande njiani," alituambia. "Na wewe kaka usinitie aibu, nimeshawatambia wenzangu wote darasani."

"Mwambie mwalimu wako," mwashi akajibu. "Aliyeandika ni yeye, mimi mbebaji tu."

Yule dada akacheka. Alidhani ni mzaha wa kawaida wa mashemeji, akauacha upite. Mimi niliusikia mpaka tunafika barabarani.

Same ilikuwa na upepo wake wa Julai, ule unaobeba vumbi jekundu na kulitia kwenye meno. Uwanja ulijaa. Benchi liliwekwa juu ya turubai mbele ya meza ya waandishi, na mwamuzi alikuwa mwanajeshi mstaafu mwenye filimbi shingoni. Chuma chao kilikuwa chembamba kuliko ekseli yetu, kimenyooka, chenye vyuma vya duara vilivyochongwa kiwandani. Mwashi alikipapasa kama anavyopapasa jiwe.

Mtu wa mkonge alikuwa amechuchumaa kando, ameiviringisha mikono ya shati. Alikuwa mfupi, mpana, mzaliwa wa mikoa ya magharibi aliyekuja kukata mkonge akiwa kijana na hakurudi kwao. Alitusalimu kwa adabu, akamuuliza mwashi:

"Ndugu, ninyi kule juu mnapigia benchi, au chini?"

Nilimjibu mimi. "Kote kote."

Alinitazama kidogo, kisha akaendelea kuzungumza na mwashi. "Mimi nilianzia chini, kwenye mchanga kule kambini. Siku nilipopanda benchi nilipunguza kilo thelathini, nikaanza upya kama mtoto. Mwaka mzima. Chini hapa," akajigusa kifuani, "ni nchi nyingine."

"Nimeiona," mwashi akasema.

Alinivuta pembeni. Uso wake ulikuwa umekauka. "Shemeji, nenda pale mezani. Waambie tuanze na themanini. Themanini nitaitafuta. Hata nikishindwa na huyu bwana si kitu, ni mtu mzuri."

Nilikwenda. Ilikuwa kama hatua thelathini. Mwandishi alipekua karatasi akaipata yetu, mwandiko wangu ukiwa umetulia juu yake. "Kushuka hakuna," alisema. "Aliyeandikisha anaweza kupandisha tu. Kama haiwezi, ajitoe. Hakuna lawama, wawili wamekwisha kujitoa asubuhi hii."

Ajitoe. Nilirudi na neno hilo mdomoni hatua thelathini. Nyuma yangu katibu wa vijana alikuwa ameketi kwenye viti vya wageni, akaniinulia mkono kwa furaha. Nilipofika kwa mwashi nilisema, "Wamekataa."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Alishusha pumzi. "Basi," akasema, akaanza kuvua shati.

Mtu wa mkonge alitangulia. Tisini na tano yake ilishuka, ikakaa kifuani kama paka juu ya kigoda, ikapanda bila kelele. Watu wakashangilia. Kisha likasomwa jina la kijiji chetu na kilo mia, na uwanja mzima ukanguruma, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeandika mia. Nyuma yetu kulikuwa na kundi la makuli wa stesheni.

"Haya Mpare, sukuma!" mmoja akapiga kelele.

"Akishindwa atakata rufaa!" mwingine akadakia, na watu wakacheka, kwa maana sisi tunajulikana kwa kupenda kesi. Hata mwashi alitabasamu akiwa amelala.

Wasaidizi walikuwa wawili: kijana wa mkonge upande mmoja, na mimi upande wa pili. Kanuni ilikuwa kwamba kidole cha msaidizi kikigusa chuma, kuinua kumekufa. Tulimpa. Mikono yake ikiwa imenyooka, ile mia ilikuwa ya kwake. Aliishika juu pale imara kama linta ya mlango, nami nikajidanganya mara ya mwisho. Mwamuzi akasema, "Shusha."

Ilishuka vizuri mpaka pale ambapo kwetu magurudumu yalikuwa yakigonga mawe. Niliona mahali hapo. Niliona mikono yake ikisubiri mgongano, kwa mazoea ya miaka miwili, na mgongano haukuja. Kuanzia hapo chuma hakikushuka, kilianguka. Kilimpiga kifuani, akatoa pumzi kama mtu aliyetoneshwa kidonda, lakini hakukiachia. Kikasimama. Mwamuzi, ambaye hakuona kosa, akasema, "Sukuma."

Akasukuma. Kidole kimoja. Vidole viwili. Chuma kilipinda upande wa kulia. Kijana wa mkonge alipeleka mikono yake chini ya chuma akanitazama mimi, kwa kuwa mwinuaji alikuwa wangu.

"Bado," nikasema.

Nilijua kwamba akivuka vidole vinne zaidi atafika kwao, kule juu walikokuwa wengi wanamsubiri. Vidole vinne tu. Macho yake yalinitafuta. "Shemeji," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba apokezwe ndoo. Sikugusa.

Kisha ukasikika mlio. Nimewahi kusimama dukani wakati muuzaji anachana kitambaa kipya cha marekani kwa mikono; ulikuwa mlio ule ule, na mpaka leo siwezi kukaa duka la namna hiyo. Ulitoka ndani yake, kati ya kifua na bega la kulia. Mkono ule ulilegea, chuma kikalala upande, na ndipo tukashika, mimi na kijana wa mkonge na mtu wa mkonge mwenyewe aliyeruka kutoka alikokuwa. Hakulia. Alikaa ameshikilia kwapa lake, akauliza, "Imepanda?"

Hospitali walimfunga mkono kifuani kwa bendeji. Hakuna mfupa uliovunjika, walituambia. Nyama imekatika ilikoshikana na mkono, na huku kwetu hakuna mtu wa kuirudisha. Kuanzia kwapa hadi kiwiko paligeuka rangi ya zambarau zilizoiva. Mdogo wake alifika kesho yake kwa miguu. Alitazama mkono, akatazama uso wa kaka yake aliyekuwa amelala, akanigeukia pale kwenye korido.

"Mwalimu, nani aliandika kilo hizo?"

"Katibu," nikasema.

Ule uongo ulinitoka wepesi kuliko yote.

Mwashi alipona kwa namna fulani. Bendeji ilitolewa, rangi ikaisha, na pale kwenye ukingo wa kifua pakabaki shimo. Aliweza kubeba ndoo. Aliweza kuvuta kamba. Kilichokuwa kimekwisha ni kusukuma: jiwe alilipapasa, akalibeba hadi usawa wa kifua, na hapo likakataa kwenda mbele. Ukuta mtu huujenga kwa kusukuma. Kwa shamba lake pembe ilipigwa, tukaenda wote kumlimia, na mdogo wake akagawa majembe. Langu alinipa bila kunitazama, lakini siku hiyo nilidhani ni uchovu wa kuuguza.

Wiki iliyofuata katibu alikuja na karatasi za mashindano, fomu yetu ikiwa mojawapo. Alifikiri anatutendea wema. Alizibandika kwenye ubao wa matangazo, nje ya darasa langu, ili kila mtu aone kwamba kijiji chetu kilishiriki.

Sasa niseme jinsi nilivyofundisha tarakimu. Watu wazima wengi walichanganya moja na herufi el, kwa hiyo niliwazoesha kuandika moja kama ninavyoiandika mimi mpaka leo, yenye mkunjo juu na mstari chini. "Moja huvaa kofia na kiatu," niliwaimbisha. Darasa zima liliimba, mdogo wa mwashi akiwa mstari wa mbele. Hakuna mtu mwingine tarafa nzima aliyeandika moja namna hiyo, isipokuwa mimi na watu thelathini niliowafundisha.

Jioni ile wenzake walipotoka, yeye alibaki. Alifunga daftari, akalipangusa jalada kwa kiganja.

"Mwalimu," alisema, "katibu naye alisoma kwako?"

Sikuelewa, au nilijifanya sikuelewa. Alinyoosha kidole kuelekea mlangoni, kwenye ubao.

"Moja yake ina kofia na kiatu."

Alisubiri, kwa uvumilivu, kama nilivyokuwa nikimsubiri yeye alipokwama kwenye neno refu. Kisha akatoka. Posa ilirudishwa kabla ya mwezi kuisha, kwa maneno machache na ya heshima, na hakurudi tena darasani.

Mshindi hakutoka kwetu, lakini barua ya kozi ilikuja. Katibu alinipendekeza hivyo hivyo, kwa moyo mwema. Nilikwenda.

Huko nilifundishwa, kwa miezi mitatu, kile mwashi alichonieleza kwa sentensi moja akiwa amekaa kwenye ubao. Mkufunzi wetu alitulaza sakafuni, akatulaza kwenye benchi, akatusogezea mikono karibu, akaitanua, akatusimamishia chuma kifuani huku akihesabu hadi mbili. Kila namna tuliipima. Waliofanya mazoezi kuanzia kifuani, ukiwalaza sakafuni hawakupoteza sana; njia waliyokuwa wameipita nzima ilikuwa na nusu hiyo ndani yake. Waliotoka sakafuni, kama mimi, tulipata faida kidogo mwishoni mwa kunyoosha mikono, na chini tulikuwa watoto. Kusimamisha chuma kulimnyang'anya kila mtu kitu, hasa aliyezoea kukidundisha. Mkufunzi alisema nguvu ya zoezi moja huhamia kwa jingine kwa kadiri yanavyofanana, na pasipofanana haihami. Niliandika kwenye daftari. Nilikuwa nimekulia kando ya ndiva, nimeona tangu utotoni kwamba bwawa likijaa hadi kumwagika, kipande cha shamba ambacho hakijachimbiwa mfereji kinakauka vile vile, na nilikuwa nimeacha kukumbuka hilo kwa wiki tatu kwa sababu halikunifaa.

Nilifundisha michezo shule mbalimbali mpaka nikastaafu. Hakuna kijana aliyelala kwenye benchi mbele yangu bila mikono yangu kuwa chini ya chuma, na wengi walinilaumu kwamba nagusa mapema.

Mwashi alihamia Kihurio, kwa ndugu wa mama yake, akawa msimamizi wa zamu za maji kwenye mashamba ya mpunga. Kazi ile haina kusukuma. Nilimtembelea mara moja, sote tukiwa na mvi. Tulikaa kwenye ukingo wa mfereji, akanipokea vizuri, akaniita shemeji bado, ingawa mdogo wake alikuwa ameolewa kwingine na ana wajukuu. Nilimwambia yale ambayo nilikuwa sijamwambia. Kwamba mezani siku ile hawakukataa tu. Kwamba walisema unaweza kujitoa, na hakuna lawama, na wawili walikuwa wamekwisha kujitoa.

Aliyatazama maji yakiingia kwenye jaruba.

"Ningejitoa," alisema hatimaye. "Ningecheka, nikavaa shati, nikajitoa. Tungemalizia makande njiani."

Baadaye alinyanyuka, akaniaga kwa mkono wa kushoto, akaenda kufungua maji ya jirani. Hatukuonana tena. Alizikwa kule kule, na habari ilinifikia baada ya matanga.

Basi gharama ni hii. Tarakimu zile tatu zilimnyima mwashi mkono wake wa kulia na kazi aliyoipenda, na hilo nililifanya mimi, si katibu wala benchi. Mimi zilininyima rafiki niliyekuwa naye, na mwanamke niliyemposa. Sikuoa. Nyumba ile haikuezekwa kamwe. Kuta zake ziko pale juu mpaka leo, zimeishia usawa wa madirisha.